Je, "kufa kufaana" ni kanuni ya kweli kwa uchumi wa taifa?

Mwalimu wa Historia (mleta mada)

Ndugu wanajukwaa, salamu kwenu nyote. Nafundisha historia katika shule ya sekondari, na wiki iliyopita mwanafunzi mmoja aliniuliza swali ambalo nililijibu, lakini jibu langu halikuniridhisha mwenyewe. Tulikuwa tukisoma jinsi Ujerumani na Japani zilivyoteketea katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia, na jinsi ambavyo, kabla ya miaka 25 kupita, zilikuwa zimerudi katika safu ya mbele ya nchi zenye viwanda. Kijana akanyoosha mkono akasema: "Mwalimu, wahenga walisema kufa kufaana. Kama vita viliwafaa Wajerumani, mbona kuna mataifa mengi yaliyopigana na hayakufaika na chochote?"

Nilimweleza habari za misaada ya Marekani na nidhamu ya kazi, naye akaketi. Lakini nilipokuwa nikisahihisha madaftari jioni ile niliona kwamba nilimjibu nusunusu. Nchi nyingi zimepokea misaada, na hakuna taifa ambalo watu wake hawajui kufanya kazi kwa bidii.

Kuna jambo la pili linalonisumbua. Vitabu vyetu huweka sura moja ya misukosuko, yaani vita, tauni, mapinduzi na kuporomoka kwa sarafu, kisha huweka sura nyingine ya maendeleo, kana kwamba ile ya kwanza ni ugonjwa na hii ya pili ni afya. Ila nikisoma habari za watu walioishi katika vipindi vya ukuaji wa kasi, nakuta vilio vinavyofanana mno na vya watu waliopitia vita: kuhama walikozaliwa, kupoteza kazi walizorithi kwa wazazi, ukoo kutawanyika. Naomba wenye ujuzi wanisaidie. Msukosuko mkubwa unaweza kweli kulifaa taifa? Ni kitu gani kinachoamua? Na je, ukuaji wenyewe tuuhesabu kuwa aina ya msukosuko?

Mpekuzi wa Kale

Mwalimu, huyo mwanafunzi mlee vizuri. Mimi ningeanza na methali yenyewe. Waliosema kufa kufaana walimaanisha kwamba msiba wa mmoja huweza kuwa riziki ya mwingine. Hawakusema kwamba msiba huwafaa wote, na hawakumtaja anayefaidika. Huyo anayefaidika ndiye wa kutafutwa, na mfano bora wa kumtafutia ninaoujua ni wa tauni ya karne ya 14, kwa kuwa ugonjwa uleule uliingia katika nchi tofauti, ukaua kwa kiwango kinacholingana, na matokeo yakawa tofauti kabisa.

Tauni iliingia Misri kupitia Aleksandria mwaka 1347, na mwaka uliofuata ikafika Uingereza. Inakadiriwa kwamba iliondoa kati ya theluthi na nusu ya watu. Nchini Uingereza mashamba yalibaki palepale, mifugo na majembe vikabaki, waliopungua ni watu. Kibarua wa mavuno ambaye zamani alipokea chochote alichopewa, sasa aliweza kusimama ukingoni mwa shamba la ngano iliyoiva na kutaja ujira anaoutaka, na akikataliwa aliondoka kwenda kwa bwana mwingine ambaye ngano yake nayo ilikuwa inapukutika kwa kukosa wavunaji. Wenye ardhi waliliona hilo upesi. Mwaka 1349 Mfalme Edward III alitoa amri, na mwaka 1351 Bunge likapitisha sheria, kwamba ujira urudi ulipokuwa kabla ya tauni na kwamba atakayedai zaidi aadhibiwe. Watu wengi walitozwa faini chini ya sheria hiyo, lakini ujira uliendelea kupanda. Mwaka 1381 wakulima waliasi; uasi ukazimwa, viongozi wake wakauawa na ahadi walizopewa zikavunjwa. Hata hivyo, katika muda wa takriban karne moja baadaye, utaratibu wa kumfunga mkulima kwenye ardhi ya bwana ulikuwa umekaribia kutoweka nchini humo.

Misri mambo yalikwenda kinyume. Kilimo chake kilitegemea gharika ya Nili, na maji yale hayafiki shambani yenyewe: kuna kingo za kujenga, mifereji ya kuzibua tope kila mwaka, mabwawa ya kufungulia kwa zamu. Kazi hiyo ni ya mikono mingi kwa pamoja. Mwingereza aliyebaki na nusu ya vibarua aliweza kuliacha shamba bovu na kulima lile zuri; kijiji cha Misri kilichobaki na nusu ya watu hakikuweza kutunza nusu ya mfereji, kwa sababu mfereji ulioziba katikati haumfikishii maji mtu yeyote aliye mbele yake. Zaidi ya hapo, watawala wa Kimamluki, yaani askari wa asili ya utumwa walioitawala Misri zama zile, walipewa haki ya kukusanya mapato ya vijiji bila kuwa na haki ya kuwarithisha watoto wao, na wengi wao waliishi Kairo. Mtu anayejua kwamba kijiji kitapewa mwingine hana sababu ya kugharamia mfereji. Hukamua awezacho leo. Wakulima walitoroka, mashamba yakageuka nyika, na nchi iliyokuwa mojawapo ya nchi tajiri kuliko zote za zama zile ilidhoofika kwa vizazi kadhaa.

Kwa hiyo, mwalimu, mimi ningemwambia kijana kwamba tuulize mambo mawili kila panapotokea janga: ni nini kilichobaki kimesimama, na je, walionusurika wana uwezo wa kupatana juu ya malipo yao au wa kuondoka wakikosa mapatano? Idadi ya waliokufa haitoi jibu la swali hilo.

Mhasibu Mstaafu

Nakubaliana na Mpekuzi, na ningependa kugusa Ujerumani moja kwa moja, maana ndiyo iliyoulizwa.

Kwanza, hoja ya misaada. Mpango wa Marshall, yaani msaada wa Marekani wa kuijenga upya Ulaya baada ya vita, ulitoa takriban dola bilioni 13 kati ya mwaka 1948 na 1952, na nchi iliyopata fungu kubwa kuliko zote ilikuwa Uingereza, si Ujerumani. Uingereza ilipata zaidi ya mara mbili ya fungu la Ujerumani Magharibi, lakini katika miaka ya 1950 ilikua polepole kuliko Ujerumani. Msaada ulisaidia, sikatai, ila hauwezi kubeba maelezo yote.

Pili, tujihadhari na hesabu yenyewe. Mwaka 1850 Mfaransa Frédéric Bastiat alitoa mfano wa kioo cha dirisha kilichovunjwa na mtoto: watu wakasema ni heri, fundi wa vioo atapata kazi. Malipo ya fundi yanaonekana. Kitu ambacho mwenye nyumba angekinunua kwa fedha zile hakionekani. Pato la taifa linahesabu kioo kipya na haliondoi humo thamani ya kile kilichovunjika. Simon Kuznets, ambaye ndiye aliyeongoza kazi ya kutengeneza hesabu za pato la taifa nchini Marekani, alilionya Bunge la nchi hiyo mwaka 1934 kwamba ustawi wa taifa hauwezi kusomwa moja kwa moja katika kipimo hicho. Nchi inayojengwa upya hukua haraka kwenye karatasi kwa kuwa imeanzia shimoni. Ujerumani Magharibi ilianzia shimoni, lakini chini ya mapaa yaliyobomoka mitambo mingi ilikuwa bado mizima, mafundi walikuwepo, na kufikia mwaka 1950 wakimbizi takriban milioni 8 waliofukuzwa mashariki walikuwa wameingia wakitafuta kazi yoyote.

Jambo ambalo mimi naliona kubwa kuliko hayo ni namna hasara ilivyogawanywa. Linganisha misukosuko miwili ya fedha ya nchi hiyohiyo. Kabla ya vita ya 1914 dola moja ya Marekani ilikuwa marki 4.2 (marki ni sarafu ya Ujerumani ya wakati ule), Novemba 1923 ilikuwa marki trilioni 4.2. Wafanyakazi walilipwa hadi mara mbili kwa siku, na mke alimsubiri mumewe langoni mwa kiwanda, akapokea bunda la noti akakimbilia dukani kabla bei haijabadilika tena. Aliyekuwa na deni la shamba alilimaliza kwa noti zisizotosha kununua yai. Mjane aliyekuwa na hati fungani za serikali, alizonunua kwa uzalendo wakati wa vita, alibaki na karatasi. Hasara ile iliwaangukia waliokuwa waaminifu kwa serikali kuliko wengine, nao hawakusahau.

Mwaka 1948 hasara ilikuwa kubwa vilevile: tarehe 20 Juni kila mtu alipewa marki mpya 40 za kuanzia, na akiba za benki zikapunguzwa hadi chini ya sehemu ya kumi ya zilivyokuwa, huku wenye majengo na viwanda wakibaki na mali zao. Dhuluma ya mwaka 1923 ilikuwa inajirudia. Lakini safari hii kulikuwa na hatua ya pili. Sheria ya kusawazisha mizigo ya mwaka 1952 iliwataka wale ambao mali zao zilisalimika walipe nusu ya thamani yake, kwa awamu zilizoenezwa kwa miaka hadi 30, ili fidia itolewe kwa waliofukuzwa makwao na waliobomolewa nyumba kwa mabomu. Awamu zile zililipwa kutokana na mapato ya mwaka hadi mwaka, kwa hiyo hakuna kiwanda kilicholazimika kuuzwa. Ukifundisha muujiza wa Ujerumani, mwalimu, usiiache sheria hiyo nje ya somo.

Binti Mfumaji

Mimi najibu swali la pili, lile la ukuaji, na jibu langu ni ndiyo bila kusitasita: ukuaji wa kasi ni msukosuko, tofauti yake ni kwamba kelele zake ni ndogo na wanaoumia huambiwa kwamba wanachelewesha maendeleo.

Chukua Uingereza ya mapinduzi ya viwanda. Mashine za kusokota uzi zilipoanza kutoa uzi mwingi na rahisi mwishoni mwa karne ya 18, walioneemeka kwanza walikuwa wafumaji wa mikono. Uzi ulikuwa tele na wafumaji wachache, basi walipata malipo mazuri na heshima. Walifanyia kazi nyumbani: baba kwenye mtambo wa kufumia, watoto wakizungusha uzi kwenye vijiti, mama akiandaa nyuzi, na saa za kazi walijipangia wenyewe. Neema ile iliwavuta wengine, hata kufikia miaka ya 1820 wafumaji wa mikono walizidi laki mbili. Ndipo mashine za kufuma kwa mvuke zikaenea, na malipo yao yakashuka mwaka baada ya mwaka. Hawakufukuzwa kazi kwa siku moja, na hilo ndilo lililowamaliza: kila mwaka walifuma saa nyingi zaidi kwa fedha pungufu, wakingoja bei irudi, huku watoto wao wakiingia kiwandani kuhudumia mashine zilezile zilizokuwa zikimnyang'anya baba riziki. Kufikia katikati ya karne kazi ile ilikuwa ikifa pamoja na wazee wake.

Katika miongo hiyohiyo nchi kwa jumla ilikuwa ikitajirika. Mji wa Manchester ulikua kutoka watu wasiofika laki moja mwaka 1801 hadi takriban laki tatu mwaka 1851. Mwaka 1842 Edwin Chadwick alichapisha ripoti ya afya ya wafanyakazi, na ndani yake kuna takwimu ambayo siwezi kuisoma bila kusimama: wastani wa umri wa kufa katika familia za vibarua wa Manchester ulikuwa miaka 17, wakati katika familia za vibarua wa Rutland, wilaya ya mashamba yenye ujira mdogo, ulikuwa miaka 38. Wastani ule unashuka hivyo kwa sababu watoto wengi mno walikufa wangali wachanga, katika vyumba vya chini ya ardhi visivyo na maji safi wala njia ya kutolea uchafu. Ujira wa Manchester ulikuwa mkubwa zaidi. Ukiutazama ujira peke yake utasema aliyehamia mjini alifanya vyema.

Yaliyopunguza maumivu hayakuja yenyewe kwa kungoja utajiri ushuke. Sheria ya mwaka 1833 ilipiga marufuku watoto chini ya miaka 9 kufanya kazi katika viwanda vingi vya nguo, na ikaweka wakaguzi. Ya mwaka 1842 ikawatoa wanawake, wasichana na wavulana wa chini ya miaka 10 katika machimbo ya chini ya ardhi. Ya mwaka 1848 ikaanzisha usimamizi wa afya ya umma. Kila moja ilipingwa kwa hoja kwamba itaua biashara. Kwa hiyo wazo la Mpekuzi kuhusu uwezo wa kupatana linafaa hapa pia, kwa sharti moja: mfumaji alikuwa huru kuondoka, lakini alikuwa na fani moja tu na mahali pa kwenda palikuwa kiwandani.

Mwalimu wa Historia

Nawashukuru sana. Sikuwahi kuisikia sheria ya mwaka 1952, na nitaitafuta. Naomba kuongeza swali moja. Kama mabadiliko yanaumiza namna hii, je, ni bora yafanywe polepole? Nimesoma hoja kwamba taifa ni kama mgonjwa wa jipu, heri litumbuliwe mara moja. Wengine wanasema haraka haraka haina baraka. Ushahidi unasema nini?

Mkaa Njia Panda

Mwalimu, kasi ni sehemu ndogo ya jambo. Tazama Polandi na Urusi, ambazo zote, zilipoacha uchumi wa kupangiwa na serikali, ziliachia bei kwa ghafla, ya kwanza Januari 1990 na ya pili tarehe 2 Januari 1992.

Polandi iliumia sana: viwanda vilifungwa, na kufikia mwaka 1993 ukosefu wa ajira ulikaribia asilimia 16. Lakini ilipofika mwaka 1996 uzalishaji ulikuwa umerudi katika kiwango cha mwaka 1989, na baada ya hapo nchi ikaendelea kukua hata katika mwaka mgumu wa 2009. Bei ziliachiwa kwa siku moja, ila mashirika makubwa ya umma yaliuzwa taratibu, biashara ndogo mpya zikaruhusiwa kuchipua kila mahali, na malipo ya uzeeni yakaendelea kutolewa.

Nchini Urusi bei zilipanda takriban mara 26 katika mwaka huo mmoja wa 1992, na akiba za maisha zikayeyuka. Kisha ukaja ubinafsishaji. Kila raia alipewa vocha, yaani hati ya kubadilishwa na hisa za mashirika ya umma, yenye thamani iliyoandikwa ya rubli 10,000 (sarafu ya Urusi) ili awe mmiliki wa mali ya taifa, lakini mtu mwenye njaa haiweki vocha akisubiri gawio la miaka kumi ijayo. Wengi waliiuza kwa bei ya kutupa, na wenye fedha wakazikusanya. Mwaka 1995 serikali iliyokuwa imefilisika ilikopa kwa mabenki binafsi ikiweka rehani hisa za makampuni makubwa ya mafuta na madini, na iliposhindwa kulipa, hisa zikabaki mikononi mwa wachache. Wafanyakazi walikaa miezi bila mshahara, na wengine walilipwa kwa bidhaa walizotengeneza wenyewe. Wastani wa umri wa kuishi wa wanaume, uliokuwa karibu miaka 65 mwaka 1987, ulishuka chini ya 58 kufikia mwaka 1994. Hapakuwa na vita iliyoenea nchi nzima wala tauni, nao waliokufa wengi walikuwa watu wa makamo waliopaswa kuwa nguzo za familia.

Wapo watakaotaja China, iliyoanza mageuzi mwaka 1978 kwa hatua ndogondogo na kufanikiwa. Ni kweli, ila China ilianza kwa kuwaachia wakulima mazao ya ziada, yaani faida ya kwanza iliwaangukia walio wengi na maskini. Ningependa wanafunzi wako walitazame hilo kabla hawajautazama mwendo. Anayepokea tunda la kwanza la mabadiliko ndiye atakayeyatetea, na kama ni watu kumi tu, wengine wote watakuwa na haki ya kuyachukia.

Mpekuzi wa Kale

Naongeza mfano mmoja unaounganisha maswali yote mawili ya mwalimu, nao ni Korea Kusini, kwa sababu watu wake walipitia vita, ukuaji na kuporomoka katika umri wa mtu mmoja.

Ardhi ya makabaila ilianza kugawanywa upya mwaka 1950, mwaka uleule vita ilipoanza, na vita ilipokwisha mwaka 1953 tabaka la makabaila lilikuwa limevunjika. Ukuaji uliofuata ulikuwa wa kasi isiyo na mfano wakati ule, na ulibebwa na vijana wa viwandani, wakiwemo wasichana walioshona nguo usiku na mchana katika vyumba vyenye dari fupi kiasi cha mtu kutoweza kusimama wima. Tarehe 13 Novemba 1970 mshonaji wa miaka 22 aitwaye Jeon Tae-il, baada ya kuiandikia serikali mara kwa mara akiomba tu kwamba sheria ya kazi iliyokuwepo ifuatwe, alijichoma moto mjini Seoul. Kifo chake kiliamsha vyama vya wafanyakazi, na mwaka 1987 maandamano makubwa yaliilazimisha serikali ya kijeshi kukubali uchaguzi wa rais kwa kura ya wananchi wote.

Mwishoni mwa mwaka 1997 fedha za kigeni zilikauka na nchi ikaomba mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa. Januari 1998 watu walipanga foleni kwenye mabenki wakikabidhi dhahabu ili iuzwe nje kulipia deni: pete za ndoa, medali, na pete ndogo ambazo huko mtoto huzawadiwa anapotimiza mwaka mmoja. Walioshiriki walikuwa takriban milioni 3.5 na dhahabu ikafika tani 227 hivi. Mkopo ule ulimalizwa kulipwa Agosti 2001, kabla ya wakati. Hakuna serikali inayoweza kununua imani ya namna ile. Watu wanaitoa kwa sababu wanaiona nchi kuwa yao, na sidhani wangeitoa mwaka 1970.

Lakini katika masharti yaleyale ya mkopo, makampuni yaliruhusiwa kupunguza wafanyakazi kwa urahisi zaidi, na ajira ya kudumu ikageuka kwa wengi kuwa mikataba ya muda. Waliozaliwa karibu na mwaka ule wa foleni za dhahabu ndio ambao leo wana umri wa kuanzisha familia. Mwaka 1960 mwanamke wa Korea Kusini alizaa kwa wastani watoto sita. Mwaka 2023 wastani ulikuwa 0.72.